Sayari Utosini, Mlima Pembeni

Alfajiri ya Mei 31, 2020, Clyde Foster, mtazama anga wa ridhaa wa Centurion, Afrika Kusini, alikuwa nyumbani akiipiga picha Mshtarii kwa darubini ya inchi 14. Mbele ya kamera alikuwa ameweka kichujio kinachopitisha mwanga ule tu unaomezwa na gesi ya methani. Kwa kichujio hicho, mawingu yaliyopanda juu kabisa hung'aa na mengine yote hufifia. Karibu na Doa Jekundu Kubwa akaona nukta angavu asiyoifahamu. Picha zilizopigwa Australia saa chache kabla hazikuwa nayo. Siku mbili baadaye Juno, chombo cha NASA kinachoizunguka sayari hiyo, kilipita karibu na kulipiga picha wingu lililofumuka. Leo linaitwa Doa la Clyde.

Habari hiyo inaihusu Moshi, mji ulio chini ya Kilimanjaro, kuliko inavyodhaniwa. Centurion iko longitudo ya nyuzi 28 mashariki na Moshi nyuzi 37, tofauti ya kama nusu saa tu katika mzunguko wa dunia. Upande wa Mshtarii uliokuwa ukimtazama Foster ulikuwa ukizitazama paa za mitaa yetu ya Majengo na Kiboriloni pia. Ulaya iko longitudo zinazokaribiana na zetu, lakini mwaka ule sayari ilikuwa imeegemea kusini, na London haikupanda zaidi ya nyuzi 17 juu ya upeo wa macho. Moshi ilipanda zaidi ya nyuzi 70. Kwa miaka kama hiyo, saa ambazo Australia imekwisha kuingia mchana na Amerika ya Kusini bado haijaingia usiku, kazi ya kuiangalia Mshtarii vizuri huwaangukia watu wachache mno wa kusini na mashariki mwa Afrika.

Je, mtu mwenye darubini ya kawaida uani kwake hapa Moshi, Soweto, Rau, Pasua au juu kidogo Kibosho na Marangu, anaweza kupiga picha za sayari zenye faida kwa wengine? Nasema anaweza, na sababu zake si zile zinazotajwa kwanza. Ukimwambia mtu habari ya darubini na Kilimanjaro, hutaja urefu wa mlima na giza la msituni. Kwa anayetafuta nyota hafifu na makundi ya nyota ya mbali, hayo ni mambo makubwa. Kwa sayari, yote mawili yana uzito mdogo. Mshtarii, Zohali, Mirihi na Zuhura zinang'aa kiasi kwamba taa za stendi ya mabasi haziziathiri. Kinachoamua ubora wa picha ni vitu viwili: sayari iko juu kiasi gani, na hewa iliyo katikati imetulia kiasi gani.

La kwanza tumepewa bure. Moshi iko nyuzi 3 na dakika 20 kusini mwa ikweta. Mshtarii na Zohali haziendi mbali zaidi ya nyuzi 24 hivi kaskazini au kusini mwa ikweta ya anga, kwa hiyo zikifika kilele cha safari yao ya usiku, hapa kwetu hazipungui nyuzi 60 kutoka upeo wa macho, mwaka wowote, msimu wowote. Septemba 2025 Zohali ilipita takribani utosini kabisa mwa Moshi. Mpiga picha wa Ulaya hukaa miaka akisubiri sayari irudi kaskazini. Ikiwa nyuzi 16 tu juu ya upeo, mwanga wake hupita katika hewa nene mara tatu na nusu kuliko ule unaoshuka kutoka utosini, na hewa hiyo huutawanya mwanga kwa rangi, bluu ikaegemea upande mmoja wa sayari na nyekundu upande wa pili. Wapiga picha wa kule hununua kifaa maalumu chenye vioo vya pembetatu ili kuzirudisha rangi hizo pamoja. Mwingereza Damian Peach, mmoja wa mabingwa wa kazi hii duniani, alikwenda kupiga picha zake Barbados, ili tu sayari ziwe juu. Mkazi wa Moshi hana haja ya kifaa hicho wala safari hiyo.

Kuna faida ya pili isiyosemwa sana. Usiku wetu ni wa takribani saa 12 mwaka mzima. Mshtarii hujizungusha mara moja kwa saa 9 na dakika 55. Ukianza kupiga picha saa mbili usiku, katika miezi sayari inapochomoza jua likizama, upande wa pili wa sayari utakuwa umegeuka kukuelekea ifikapo saa saba. Usiku mmoja mzuri unatosha kuchora ramani ya sayari nzima. Kaskazini mwa Ulaya, usiku wa Juni haufiki hata nusu ya urefu huo.

La pili, utulivu wa hewa, ndilo gumu, na hapo ndipo mlima unapoingia.

Kuitazama sayari kupitia angahewa ni kama kuitazama sarafu iliyozama kwenye mfongo wenye maji yanayokwenda. Sarafu ipo, haitikisiki, lakini umbo lake hupinda, hunyooka, hugawanyika na kuungana tena mara kadhaa kwa sekunde. Kupanua picha hakusaidii, maana unapanua na mtikisiko wake. Darubini yenye kioo cha milimita 200 ina uwezo wa kutenganisha vitu vilivyoachana kwa sekunde ya tao 0.6 hivi, na sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi. Usiku wa hewa mbovu, uwezo huo wote hupotea na darubini hiyo ikawa sawa na ya bei ya theluthi yake.

Mivurugo hiyo hutokea katika tabaka tatu. Tabaka la juu ni lile la kilomita 10 hivi kutoka ardhini, unakopita mkondo wa upepo wa kasi unaozisumbua Ulaya, Japani na Marekani. Karibu na ikweta upepo wa kimo hicho kwa kawaida ni dhaifu zaidi. Ndiyo sababu visiwa vya tropiki vimetoa picha bora za sayari kuliko nchi nyingi tajiri za kaskazini. Christopher Go wa Cebu, Ufilipino, ndiye aliyeona mwaka 2006 kwamba dhoruba moja nyeupe ya Mshtarii imebadilika kuwa nyekundu. Alikuwa na darubini ya nyumbani, chini ya anga la mji mkubwa.

Tabaka la kati ni la mlima wenyewe. Kibo iko kilomita 30 hivi kaskazini mwa mji. Kilele chake cha mita 5,895, ukikipima kutoka mjini, kinaziba nyuzi 9 au 10 tu za upeo wa kaskazini, na sayari hupita mbali juu ya hapo. Mlima hauzuii macho. Unachofanya ni kuupinda upepo. Kuanzia Juni hadi Septemba kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, na Moshi huwa upande unaopokea: hewa hutufikia kabla haijaugonga mlima, na mawimbi yanayozaliwa na mgongano huo huangukia nyuma yake, kaskazini-magharibi. Desemba hadi Februari mambo hugeuka. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, na hewa inayofika Machame, Kibosho na sehemu za mjini imekwisha kuuzunguka au kuuvuka mlima. Kwa hiyo naupa mwezi wa Septemba na mwanzo wa Oktoba daraja la juu kuliko Januari, ingawa Januari anga huonekana jeusi na safi zaidi. Weusi wa anga na utulivu wa hewa ni vitu viwili tofauti. Kuupima utulivu si kazi: itazame nyota angavu iliyo utosini, nayo ikimetameta kwa nguvu, ikirusha rangi, acha kamera ndani ukalale.

Kisha kuna mambo ya usiku wenyewe. Jua likizama, hewa inayogusa mteremko hupoa, huwa nzito na huanza kuteremka kwa kufuata mabonde. Anayekaa kando ya Mto Karanga au Rau huisikia baridi hiyo ikipita saa tatu, saa nne usiku. Hewa hiyo ni mto wa pili unaopita juu ya mto wa maji, na kuitazama sayari kupitia humo ni hasara. Migongo ya ardhi iliyo kati ya mabonde ni bora kuliko mabonde yenyewe, hata kama umbali kati ya hapa na pale ni mita mia mbili.

Hapo ndipo naachana na wanaosema tupande juu. Ukanda wa vihamba na msitu ulio juu yake, upande wa kusini, ndio unaopokea mvua nyingi kuliko sehemu nyingine zote za Kilimanjaro, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka kwenye msitu, wakati mji wenyewe hupata chini ya nusu ya hizo. Mvua hiyo hutoka kwenye mawingu, na mawingu hayo hukaa hapo hapo. Ukivuka msitu ukafika uwanda wa Shira, zaidi ya mita 3,500, mara nyingi utakuwa juu ya mawingu, chini ya anga la kupendeza. Lakini utahitaji kibali cha hifadhi, wapagazi wa kubeba kioo kizito, na betri zinazokufa kwa baridi, na yote hayo kwa usiku mmoja au miwili. Sayari hazijui habari ya safari moja. Zinahitaji mtu anayezitazama leo, keshokutwa, wiki ijayo na mwezi ujao. Ua wa nyumba ulio mita 850 juu ya bahari, unaotumika mara nyingi kwa mwezi, una thamani kuliko uwanda wa mita 3,700 unaotembelewa mara moja maishani.

Kama kuna mahali pa kuhamia, ni chini, si juu. Tambarare ya kusini mwa mji, penye mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni na miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC, iko mbali zaidi na mteremko, na ardhi yenye maji na majani haihifadhi joto la mchana kama lami. Mbele zaidi kuna bwawa la Nyumba ya Mungu. Hewa iliyo juu ya maji mengi hubadilika joto polepole, na hilo ndilo jambo ambalo wapiga picha wa visiwani hulitegemea. Upande wa pili wa mlima, Rongai na Tarakea, mvua ni kidogo zaidi na anga huwa wazi mara nyingi zaidi, ila kwa msimu wa kusi mivurugo ya nyuma ya mlima inaweza kufika huko.

Tabaka la tatu ni la uani, nalo liko mikononi mwa mwenye darubini. Zege, ukuta wa tofali na lami hutoa joto mpaka usiku wa manane. Nyasi na udongo hupoa mapema. Kihamba kina nyasi, lakini kina migomba na miti mirefu ya kivuli pia. Kwa bahati yetu, sayari ikiwa karibu na utosi, uwazi mdogo kati ya miti unatosha, ilmradi uko juu ya kichwa. Darubini nayo itolewe nje kabla ya giza. Kioo kikitoka chumbani kikiwa na joto, hutengeneza moshi wake wa hewa ndani ya bomba, na saa nzima itapita kabla hakijalingana na hewa ya nje. Juu kuanzia Kibosho umande ni mzito. Kipande cha godoro la sponji kilichoviringishwa mbele ya darubini huuzuia kwa muda mrefu. Kifaa kikirudi ndani kikiwa na unyevu na kufungiwa sandukuni, ukungu utakula vioo ndani ya msimu mmoja wa masika.

Sasa kamera. Watu wengi hudhani picha ya sayari hupigwa kwa kubonyeza mara moja. Ilikuwa hivyo enzi za filamu, na ndiyo maana picha zilizopigwa wakati huo kwa darubini kubwa za vyuo zinashindwa leo na za mtu wa uani. Mwaka 1978 mwanafizikia wa Marekani David Fried alionyesha kwa hesabu kwamba, ukipiga picha nyingi za muda mfupi sana, mara chache hewa itakuwa imetulia kwa bahati na picha hiyo moja itatoka safi. Wapenzi wa anga waliichukua hoja hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000, walipogundua kwamba kamera ndogo za kompyuta, kama ile Philips ToUcam iliyotengenezwa kwa mazungumzo ya video, zinaweza kufungwa nyuma ya darubini. Tangu hapo njia ni hiyo hiyo. Unarekodi video, kompyuta inazipanga fremu kwa ubora, inachagua kama moja kati ya kumi, inazilaza moja juu ya nyingine ili chenga zifutike, halafu unazinoa.

Hesabu za darubini ya milimita 200 zitaonyesha ukubwa wa kazi. Kwa kamera yenye pikseli za mikroni 2.9 na lenzi ya kuongeza urefu wa miali hadi mita 3, kila pikseli hufunika sekunde ya tao 0.2, na Mshtarii yenye upana wa sekunde 46 hujaza pikseli 230. Kwa fremu 100 kila sekunde, dakika mbili hutoa fremu 12,000, na hata ukikata dirisha dogo la pikseli 640 kwa 480, faili moja ni karibu gigabaiti 4. Usiku mmoja hujaza diski. Mbona usirekodi dakika kumi? Kwa sababu sayari inageuka. Kwenye ikweta yake mawingu hukimbia kilomita 12.6 kwa sekunde, kwa hiyo ndani ya dakika mbili husogea kilomita 1,500, na kwa umbali wa sayari ikiwa karibu nasi hizo ni nusu sekunde ya tao, sawa na uwezo wote wa darubini. Ukizidisha hapo, unajitia ukungu mwenyewe.

Programu za kazi hii ni za bure, na hilo limebadilisha mambo kuliko kamera zenyewe. FireCapture ya Torsten Edelmann hurekodi, AutoStakkert ya Emil Kraaikamp huchagua na kulaza fremu, RegiStax ya Cor Berrevoets hunoa, na WinJUPOS ya Grischa Hahn hurudisha nyuma mzunguko wa sayari ili video kadhaa ziunganishwe. Kompyuta ya kawaida ya Windows inaziendesha zote. Kwenye kunoa ndiko ninakoomba watu wajizuie. Ukivuta kitufe kupita kiasi, Mirihi huota ukingo mweupe wa pete usiokuwapo, na mikanda ya Mshtarii huzaa mistari ya uongo. Picha laini yenye ukweli ina faida kwa mwanasayansi. Picha kali yenye vitu vya kubuni inamharibia kazi.

Asiye na kamera hiyo ana simu. Kwa darubini ya milimita 130 na kishikizo cha kuifunga simu kwenye lenzi ya jicho, mikanda miwili mikubwa ya Mshtarii, miezi yake minne, pete za Zohali na umbo la hilali la Zuhura vinapatikana, na mashimo ya Mwezi hutoka kwa uzuri unaoshangaza. Mwezini sekunde moja ya tao ni kama kilomita 1.9, hivyo shimo la Copernicus, lenye upana wa kilomita 93, lina nafasi ya kutosha kuonyesha kuta zake za ngazi na vilele vya katikati. Simu hubana video, ikapoteza vitu vidogo. Mwanya wa Cassini kwenye pete, vifuniko vya barafu vya Mirihi na doa jeusi la Syrtis Major vinataka kamera halisi na kioo kikubwa zaidi. Uranus na Neptune hubaki vidoti vyenye rangi. Na darubini isielekezwe kwenye jua kamwe bila kichujio maalumu kilichofungwa mbele yake. Jicho hupofuka papo hapo.

Kuna kikwazo kimoja cha ikweta ambacho vitabu vya kaskazini havikitaji. Stendi nyingi za kufuatilia nyota zimeundwa zielekezwe kwenye ncha ya anga, na nyingi haziwezi kulazwa kufikia nyuzi 3. Nyota ya kaskazini kwetu iko chini ya upeo wa macho, na upande wake umekaliwa na Kibo. Ncha ya kusini iko nyuzi 3 tu juu ya vumbi la tambarare, na nyota iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, ni hafifu mno kuonekana humo. Mtu anaweza kununua stendi ya gharama kubwa na akashindwa kuisimamisha. Darubini ya mtindo wa Dobson, inayozunguka juu ya sanduku la mbao, haina shida hiyo, na sanduku lake fundi seremala yeyote wa Moshi anaweza kulitengeneza. Lakini nayo ina udhaifu wake utosini, kwa kuwa hapo inabidi kuigeuza sana upande kwa mwendo mdogo wa sayari. Ushauri wangu ni kupiga picha saa moja kabla au baada ya sayari kufika kileleni, ikiwa nyuzi 70 au 75. Hewa ni nzuri vile vile, na darubini inasukumika kwa ulaini.

Kalenda ndiyo itakayoamua nani atapata nini, maana anga la Moshi lina ratiba yake: masika Machi hadi Mei, vuli Novemba na Desemba, na katikati, Juni na Julai, mawingu ya baridi yanayolala upande wa kusini wa mlima mara nyingi siku nzima. Mshtarii hufika mkabala na jua kila miezi 13, kwa hiyo husogea msimu mmoja baada ya mwingine. Februari 2027 itatukuta katika kiangazi. Machi 2028 masika yanaanza. Aprili 2029 itapita karibu na utosi wetu, katika mwezi wa mvua kubwa kuliko yote, na Mei 2030 haitakuwa na nafuu. Anayetaka Mshtarii asingoje. Zohali ina bahati zaidi: Oktoba ya 2026, ya 2027 na ya 2028, pete zikizidi kufunguka kila mwaka baada ya kutugeuzia ukingo wake Machi 2025.

Mirihi inahitaji subira, kwani hukaribia kila miezi 26 na ukubwa wake hutofautiana mno. Februari 2027 itakuwa ndogo, chini ya sekunde 14 za tao, ingawa anga litakuwa letu. Machi 2029 na Mei 2031 ni masika tena. Juni 2033 itakuwa kubwa, sekunde 22, nyuma ya mawingu ya baridi. Septemba 2035 itafika sekunde 24 na zaidi, katika mwezi niliousifu hapo juu kuliko yote. Mwanafunzi anayeingia kidato cha kwanza leo ana muda wa kutosha kujifunza kazi hii kikamilifu kabla ya usiku huo.

Kuhusu wanafunzi, kazi imekwisha kuanzwa, ingawa kwa upande wa kutazama zaidi kuliko wa kurekodi. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ameandika kwa miaka mingi magazetini akiwaeleza Watanzania kilichopo angani mwezi hadi mwezi, na Septemba 1, 2016, jua lilipopatwa kwa umbo la pete, alikuwa miongoni mwa waliowavuta watu kwenda Rujewa, Mbeya, kulishuhudia. Mradi wa Telescopes to Tanzania, kwa ushirikiano na Astronomers Without Borders, umepeleka darubini na mafunzo ya walimu katika shule za jirani zetu wa Arusha. Kenya, Susan Murabana na Chu Owen wanaendesha The Travelling Telescope tangu 2014, wakizungusha darubini mashuleni. Mtaala wa Fizikia wa kidato cha nne nchini umekuwa na mada ya astronomia ya awali kwa muda mrefu, na walimu wengi wameifundisha ubaoni bila darubini.

Kinachokosekana ni hatua moja ya mbele, ya kumfanya mtoto anayechungulia awe mtunza kumbukumbu. Mkoa wa Kilimanjaro una shule za bweni nyingi na za zamani, zenye viwanja vya nyasi, na wanafunzi wanaokuwapo shuleni usiku. Darubini moja ya milimita 200, kamera moja na kompyuta moja yenye betri nzima, kwa sababu umeme hukatika, vinatosha shule tatu zikipokezana. Gharama ni kubwa kwa mtu mmoja na ndogo kwa chama cha wahitimu. Jopo la wanafunzi likirekodi Mshtarii kila usiku unaoruhusu, kwa miezi sita, litakuwa na kitu ambacho chuo kikuu chenye darubini ya mita nne hakina, kwa sababu darubini hizo hazipewi sayari moja kila usiku. Anthony Wesley wa Australia aliona jeraha jeusi la kitu kilichogonga Mshtarii, Julai 19, 2009, kwa sababu moja tu: alikuwa nje akitazama. Machi 17, 2016, mmweko wa mgongano mwingine ulidumu kitambo kifupi mno, na ukanaswa katika video za watu wawili wa ridhaa, mmoja Austria na mwingine Ireland. Katika usiku wa Moshi mimweko ya namna hiyo ikitokea, kamera yetu haipo.

Picha zikishapatikana zina pa kupelekwa. PVOL, hazina ya picha za sayari inayotunzwa na Chuo Kikuu cha Nchi ya Basque, Hispania, hupokea kazi za watu wa ridhaa kutoka popote, na chama cha Waingereza, BAA, kilichoanzishwa 1890, kina idara ya Mshtarii inayofuatilia kila doa. Hawaulizi darubini ni ya bei gani. Wanauliza tarehe, dakika, mahali, kichujio na ukubwa wa kioo, na saa iwe ya kimataifa: anayeanza kurekodi Moshi saa tatu na dakika kumi na mbili usiku aandike 18:12, na aandike hapo hapo kwenye jina la faili, kabla ya kufungua video nyingine.